Aliyezidi Zizini

Sehemu ya Tisa

Tulimwacha Ardis Tvedt, fundi wa kuhifadhi vichwa vya wanyama, mezani kwake, kidole gumba kikiwa ndani ya sikio la kushoto la dume la kulungu, na mlango wa karakana ukifunguka nyuma yake. Chini ya manyoya ya sikio lile alikuwa amegusa uzi. Sikio la kulungu wa porini halishonwi na mtu. Tusimkawize basi, mlango umeshafunguka.

Aliyeingia hakupiga hodi.

"Mama Ardis! Nimekuja kuchukua kichwa changu."

Alikuwa Duane Krull, koti la machungwa la uwindaji mwilini, tabasamu usoni, kifurushi cha soseji mkononi. Siku sita zilizopita ndiye aliyempiga dume yule, na pembe zake za ncha kumi na nne zikashinda shindano la baa ya Norb. Bonde zima la Skogdal lilimnunulia bia.

Ardis alitoa kidole polepole, akafunika sikio kwa kitambaa chenye unyevu, kama mpishi anayefunika unga uliokandwa.

"Kichwa chako? Si uliniletea mwenyewe nikivishe ngozi, ukataka shingo igeukie kushoto ili imtazame mkeo akiwa jikoni?"

"Nimebadili mawazo. Nina jamaa yangu Iowa, naye ni fundi. Ananifanyia bei ya undugu."

"Iowa."

"Ndiyo. Pikapu iko nje, injini inaunguruma."

Ardis alichungulia dirishani. Pikapu ilikuwa nje kweli, na nyuma yake limefungwa tela la kubebea farasi, milango imebanwa kwa mnyororo. Kichwa kimoja, tela zima la farasi. Aliliweka hilo akilini.

"Kazime injini, unachoma mafuta bure. Kichwa hakitoki."

"Hakitoki vipi? Nani kampiga risasi, mimi au wewe?"

"Umempiga wewe. Soma hapo ukutani."

Duane hakuhitaji kusoma. Hakuna mwindaji wa Wisconsin asiyeijua karatasi ile ya manjano. Tangu ugonjwa wa kukonda uingie bondeni miaka saba iliyopita, kichwa chenye ubongo hakivuki mpaka wa jimbo. Huvuka ngozi, huvuka pembe zenye kipande cha fuvu kilichosafishwa, huvuka nyama isiyo na mfupa. Basi. Ugonjwa wenyewe hauna dawa wala chanjo. Mnyama hukonda akila, hutoa mate, husahau kuogopa watu, kisha huanguka. Kilichomuua hubaki udongoni kwa miaka.

"Basi nikatie pembe tu, niondoke nazo."

"Nitazikata majibu yakija. Matezi ya shingo nilishayatoa, Corliss wa idara ya wanyamapori akayapeleka maabara."

Tabasamu la Duane lilidondoka.

"Uliyatoa matezi?"

"Na fomu ulisaini wewe, hapo ulipoegemea. Au ulidhani ni kitabu cha wageni?"

Duane alikikazia macho kile kitambaa. "Umeshaanza kumchuna?"

"Nimefika masikioni."

Jicho la mwanamume likakimbilia mlangoni. Ardis aliliona, na lile nalo akaliweka akilini.

"Duane, ulimpigia wapi huyu?"

"Mara ngapi niseme? Mlimani, juu ya shamba la marehemu baba."

"Mbona kwato ulizomwachia miguuni pale baa zilikuwa ndefu kama viatu vya mchekeshaji? Kulungu wa mlimani hukanyaga mawe mwaka mzima, kwato zinajisaga zenyewe. Yule alikuwa anakanyaga majani makavu na kuletewa chakula."

Jiko la kuni likalia kidogo.

Duane aliweka kifurushi cha soseji mezani, taratibu mno. "Mama, mimi nakuheshimu. Ila ukitaka kujua mnyama huyu alitoka wapi, usinibane mimi. Mbane kaka yako. Mwenye zizi ni yeye." Akafika mlangoni, akageuka. "Hizo soseji ni za huyo huyo dume. Kula. Ugonjwa huu haujaua mtu bado."

"Hiyo 'bado' yako ndiyo inayoniharibia hamu ya kula."

Alisikia pikapu ikiondoka, na ndani ya tela kitu kikigonga mbao mara mbili.

Msomaji unaweza kusema angetoka mbio kulifuata tela. Lakini jina la kaka yake lilikuwa limetajwa, na mikono yake ilikuwa imeshaliendea sikio.

Aliligeuza ndani nje kwa kijiti cha mfupa. Palikuwa na tundu la duara, upana wa penseli, lililozibwa kwa mishono mitano. Tundu la hereni, zile hereni za plastiki zenye namba ambazo sheria inamtaka kila mfugaji wa kulungu awavalishe wanyama wake. Hereni ilikuwa imeng'olewa mnyama akiwa hai, maana kingo zilikuwa zimepona. Mshono ulikuwa wa baada ya kifo.

Na mshono ulikuwa mzuri. Hilo ndilo lililomtoa kijasho. Sindano ilitokea ndani kwenda nje, kushoto, kulia, kushoto, hadi uzi ukamezwa na ngozi yenyewe. Marehemu baba yao, Mzee Thorvald, alishona hivyo hatamu, viatu, vichwa vya kulungu, na mara moja mguu wake mwenyewe. Aliwarithisha watoto wawili. Wa kwanza Ardis. Wa pili Orrin.

Alikata uzi, akauviringisha ndani ya karatasi, akautia mfuko wa aproni. Kichwa akakirudisha kwenye friza pamoja na soseji, akafunga kufuli. Funguo za kufuli lile zilikuwa mbili tu.

Halafu akawasha gari kwenda kwa kaka yake.

* * *

Orrin Tvedt alikuwa kwenye uzio wa mashariki, ndoo ya chakula mkononi, theluji ya kwanza ya mwaka kwenye kofia. Nyuma ya waya wa futi nane walisimama kulungu wake, sitini na wawili, kazi ya miaka kumi na tisa. Kila mmoja alimjua kwa namba na kwa tabia.

"Dada! Umekuja kunisaidia au kunikagua?"

"Nimekuja kuona uzio wako."

"Basi ni kunikagua. Kahawa ipo ndani, na chapati za viazi za jana."

"Sitaki chapati." Alikuwa tayari anatembea kufuata waya, Orrin akimfuata. Hatua mia na kidogo kutoka langoni alipata alichokitafuta. Waya ulikuwa umekatwa, urefu wa mtu mzima, kisha ukaungwa kwa waya mwembamba. Kushoto, kulia, kushoto. Mshono wa baba.

"Nani kashona hapa?"

"Mimi. Ulidhani malaika?"

"Lini?"

"Inakaribia wiki mbili."

"Na hukuripoti. Orrin, uzio ukivunjika una saa ishirini na nne. Ukizikalia kimya, wanakunyang'anya leseni!"

"Unaripoti mnyama akitoka. Kwangu hakutoka mtu."

"Namba Kumi na Saba, lile dume lako lenye pembe kubwa, yuko wapi?"

"Yupo."

"Nataka kumwona. Sasa hivi."

Orrin alimtazama dada yake kama mtu aliyeambiwa avue viatu barabarani. Kisha akapiga mluzi, akatikisa ndoo. Msongamano wa kahawia ukagawanyika, na katikati akatokea dume mnene, shingo imejaa, pembe kama kichaka. Hereni ya manjano ilining'inia kwenye sikio la kulia: 17. Akatia pua ndani ya ndoo.

"Huyo hapo. Unataka na cheti chake cha ubatizo?"

Ardis aliisoma namba ile mara mbili. Moyo ulimtulia nusu dakika nzima. Kama Kumi na Saba alikuwa hai, basi kichwa kilichokuwa kwenye friza kilikuwa cha nani?

Hapo ndipo alipoutazama ule waya vizuri. Ncha zilizokatwa zilikuwa zimekunjwa kuelekea ndani ya zizi.

"Orrin, huu haukukatwa ili mtu atoke. Umekatwa ili mtu aingie."

Kaka yake aliweka ndoo chini, akaitazama kama imetoboka.

"Niambie, ndugu yangu. Mimi si idara."

"Asubuhi ile nilihesabu," alisema Orrin. "Sitini na watatu. Nikasema nimekosea. Nikahesabu tena kutoka nyuma. Sitini na watatu. Dume mgeni, dada, pembe za ncha kumi na nne, anakula kwenye hori langu kama aliyezaliwa hapa."

"Ukafanya nini?"

"Nikashona uzio."

"Yeye akiwa ndani?"

"Ningefanyaje? Fomu yao ina kisanduku cha waliokufa. Ina kisanduku cha waliouzwa, cha waliopotea. Aliyezidi hana kisanduku! Nikajiambia Mungu kaniletea dume la mbegu, halijaniuliza hata bei ya majani."

"Alikuwa na hereni?"

"Hapana."

"Tundu?"

"Sikio la kushoto. Nililiona, nikajifanya sikuliona."

"Na mate? Alikuwa anatoa mate?"

"Ni msimu wa kupandana, Ardis! Dume gani Novemba hatoi mate? Dume gani Novemba hakondi? Hata huyu Kumi na Saba ukimwona wakati ule utasema anakufa."

Alisema kweli. Mtu wa mjini angeona dume linachuruzika mate na kukimbilia simu. Mfugaji aliyekaa na kulungu miaka kumi na tisa aliona mapenzi.

"Alikaa siku ngapi?"

"Nne. Wangu wakisikia honi ya trekta wanarudi nyuma, wanajua lango linafunguliwa. Yeye hakujua. Lango lilipofunguka akanipita kama risasi, akapanda mlima. Kwa Krull."

"Na siku nne zote alikula hori gani?"

Orrin aligeuza shingo kulitazama hori refu la mbao.

"Mtu mwenye wagonjwa," alisema Ardis polepole, akijisikiliza mwenyewe, "akijua wapimaji wanakaribia kwake, anaweza kumng'oa mgonjwa hereni na kumtupia jirani. Ugonjwa ukigunduliwa, umegunduliwa kwa jirani."

"Kwa hiyo nimekwisha."

"Nisikilize. Wakiandika dume lilikuwa lako, wanakuja na bunduki na lori, sitini na wawili wote wanaanguka siku moja, na ardhi hii hutafugia kulungu tena. Ikithibitika aliingizwa, zizi linafungiwa miaka mitano, na kila anayekufa anapimwa. Wanaishi, Orrin. Kama hori halijawaambukiza, wanaishi."

"Nani atanithibitishia? Krull?"

"Sikio." Ardis alijikuta anakaribia kucheka. "Wewe ni wa mkono wa kushoto. Kibanio chako cha kumshikia mnyama umekijenga kufuata mkono wako. Wote sitini na wawili umewatoboa wapi?"

Orrin aliangalia kundi lake, sikio baada ya sikio. Hereni za manjano zote zilining'inia upande mmoja.

"La kulia," akasema. "Dada, la kulia!"

"Kichwa alichoniletea Krull kina tundu la kushoto, limeshonwa lisionekane, na sikio la kulia ni zima halijaguswa. Masikio mawili, mashahidi wawili. Naenda kupiga picha. Wewe hesabu tena, zunguka mpaka upande wa msituni."

"Na yule aliyeshona sikio?"

"Naapa nilidhani ni wewe."

"Mimi? Mishono ya ngozi nimeshaisahau, macho yenyewe hayaoni sindano." Orrin alitikisa kichwa. "Baba alitufundisha wawili tu. Wewe ndiye uliyekuwa na wanafunzi."

Maneno hayo Ardis aliyabeba hadi garini bila kuyafungua.

* * *

Aliporudi, pikapu ya Duane haikuwepo. Palikuwa na gari la idara, kijani, limeegeshwa vizuri. Ndani yake hapakuwa na mtu.

Mlango wa karakana haukuwa umeguswa. Kufuli la friza lilikuwa limefungwa kama alivyoliacha. Alifungua. Soseji zilikuwepo. Kichwa kilikuwepo, pembe zote kumi na nne.

Masikio hayakuwepo.

Yote mawili. Yalikatwa kwenye shina, pale pale gegedu linapokutana na fuvu, bila kukwaruza hata unywele. Mwizi wa kawaida angelikata la kushoto lenye tundu na kukimbia. Huyu alijua kwamba hata sikio la kulia, zima, lisilo na alama, lilikuwa na la kusema. Alijua Orrin hutoboa upande gani. Ni nani huingia zizini kwa Orrin kila mwaka na kusoma hereni moja moja?

"Mwalimu."

Ardis aligeuka. Corliss Bjerke, mpimaji wa idara, alikuwa amesimama mlangoni kwa sare yake safi, faili kwapani. Kabla ya kuajiriwa serikalini alikaa kwenye meza hii majira matatu ya baridi, akijifunza. Mkono mwepesi kuliko wote aliowahi kuwafundisha. Mshono wake ulikuwa unamezwa na ngozi. Na mpimaji hupewa ufunguo wa friza ya sampuli.

Ufunguo wa pili.

"Corliss. Hukupiga hodi."

"Lini nilipiga hodi kwako, mwalimu? Majibu yametoka. Dume lina ugonjwa." Alifungua faili, akaweka karatasi mezani, kalamu juu yake. "Nahitaji saini yako kama fundi uliyetoa matezi."

Ardis alisoma. Kila kitu kilikuwa sawa hadi mstari wa saba. Asili ya mnyama: zizi la Orrin Tvedt.

"Nani kasema ni wa Orrin?"

"Duane Krull amekiri. Alimwona kwa macho yake akitoka kwenye lango la Orrin, akaona aibu kusema, kwa sababu ya shindano. Utakana kwamba dume lilitoka kwenye lango lile?"

Hakuweza kukana. Kila neno lilikuwa kweli, na yote kwa pamoja yalikuwa uongo.

"Masikio yake yangekujibu."

Corliss alinyoosha shingo kutazama ndani ya friza. Uso wake haukubadilika. "Masikio yako wapi, mwalimu?"

"Niambie wewe."

"Mimi?" Alishusha sauti, karibu kwa huruma. "Fikiria itakavyosomeka. Kichwa kilikabidhiwa kwako. Karakana ni yako. Mwenye zizi ni kaka yako. Na kilichopotea ni kile kile ambacho kingeonyesha hereni ilikuwa wapi. Mimi nikiandika hivyo, leseni yako inaondoka pamoja na kundi lake. Nakusihi. Saini tu, tumalize kwa amani."

Mkono wa Ardis uliingia mfuko wa aproni. Karatasi ilikuwepo, na ndani yake uzi, mishono mitano. Corliss aliutazama mkono ule, kisha mfuko. Akasogea hatua moja.

Simu ya ukutani ikalia.

"Usipokee," alisema Corliss.

Ardis alipokea.

"Dada?" Ilikuwa sauti ya Orrin, anahema, upepo unapiga. "Dada, waya umekatwa tena, upande wa msituni. Kuna alama za matairi ya tela kwenye theluji. Nimehesabu mara tatu. Sitini na wanne!"

"Wawili wamezidi?"

"Wawili. Majike, mifupa mitupu, wanachuruzika mate, wamejichanganya na wangu."

"Hereni?"

"Hawana. Wana matundu. Lakini dada, si kushoto. Ni sikio la kulia! Na ni mabichi, damu haijakauka. Bunduki ninayo hapa. Niwamalize na kuwazika?"

Ardis alifungua mdomo. Nyuma yake alisikia kalamu ikifunikwa kifuniko, tik, na Corliss akizungumza kwa utulivu, kama mtu anayetoa maelekezo ya kazi.

"Ni Orrin, siyo? Mwambie asiwaguse. Wakaguzi watafika kwake ndani ya nusu saa, na wanajua watawakuta wangapi."